Afisa wa Joto na Bomba la Magunia

Jumatatu, 9 Februari

Janefer ameanguka. Saa nane mchana, pale mapokezi, akipiga muhuri barua za wakulima. Muhuri ulikuwa juu, halafu Janefer alikuwa chini. Nilidhani anaokota kalamu. Kumbe amezimia.

Janefer ni mtu wa Fort Ternan, kule chini kwenye miwa, ambako jua si habari. Kama joto limemwangusha yeye, sisi wa huku juu kwenye chai, tuliozaliwa tukavalishwa sweta kabla ya jina, tutapona kweli? Naogopa.

Jua la mwaka huu si la kwetu. Ofisi hii ya kiwanda ilijengwa kupigana na baridi. Mabati juu. Dari hakuna, iliondolewa wakati wa vita vya popo na haikurudi. Madirisha ni madogo, tena yamepigiliwa misumari ili vumbi la chai lisiingie. Mchana mabati yanalia ta, ta, ta, na sisi tuko ndani kama mahindi kwenye sufuria.

Janefer alipopata fahamu na kunywa maji, Madam Rodah, meneja wetu, akatuita wote. Akasema makao makuu ya Nairobi wameandika. Kila kiwanda kichague mtu mmoja wa kulinda wafanyakazi wa ofisini dhidi ya joto kali, na Jumanne ya wiki ijayo watatuma mgeni kuja kuona. Akauliza ni nani atabeba kazi hiyo. Kiplangat wa stoo akaanza kuinua mkono, polepole, kama afanyavyo kila kitu. Wangu ulikuwa umefika juu kabla wake haujapita bega.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu. Kiplangat ameajiriwa kabisa, ana ng'ombe wa maziwa, ana mlima wa chai nyumbani. Anataka na joto pia?

Ndipo Madam akasema, kwa sauti ile yake ya chini, kwamba mtu mwingine akianguka, asitafutwe wa kujibu ila Kepher Ogari. Nikasema sawa, Madam.

Jumanne, 10 Februari

Nimesoma barua ya Nairobi. Imenivunja moyo. Maji ya kunywa yawe karibu na kila meza. Madirisha yafunguliwe. Watu wavue tai na sweta. Wahamishwe mahali palipo na ubaridi. Wapumzike saa za jua kali. Wenye maradhi waangaliwe kwanza.

Basi! Hayo tu. Mambo ambayo nyanya yangu angeyasema bila kushika karatasi. Nikifanya hayo, mgeni ataona nini? Ataona watu wanakunywa maji. Sijasikia mtu aliyepewa kazi ya kudumu kwa sababu ya glasi ya maji.

Kiplangat akapita mezani kwangu akasema stoo yake ina nafasi. Ni kweli. Stoo ile ni ya mawe, ilijengwa enzi za wazungu, ukuta mnene, na ndani ni baridi mpaka mtu anatafuta koti. Akasema tuhamishie meza huko, tusaidiane, kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamshukuru, nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria. Watu wakikaa stooni kwa Kiplangat, aliyewaokoa ni nani? Ni Kiplangat. Hapana. Huyu chawa nitamvunja na ukucha wangu mwenyewe.

Mpango wa kwanza: chai. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba chai moto hutoa jasho, na jasho hupoza mwili. Tuko kwenye kiwanda cha chai. Nairobi walikosaje kuliona hilo? Nikaagiza jikoni birika kubwa la chai ya maziwa, moto wa kuunguza ulimi, kila saa, na nikatangaza kwamba mtu asiache kitu kikombeni.

Kufikia saa saba jasho lilikuwa limekuja kweli. Ubaridi ndio haukuja. Mashati yaliganda mgongoni. Foleni ya choo ikatoka nje, ikapita chini ya jua, ikakaribia geti. Madam akatoka akauliza kwa nini ofisi yake yote imesimama juani saa hizi. Nikasema ni mazoezi ya dharura. Akaihesabu foleni kwa kidole, kisha akarudi ndani.

Jumatano, 11 Februari

Leo Mama Yunia ameniambia jambo ambalo afadhali nisingelijua.

Mama Yunia ni karani wa mishahara. Nilipotoka Nyamira sina kazi wala godoro, ndiye aliyenipokea. Nililala sebuleni kwake nikila chakula chake mpaka nikapata kibarua hapa, na kibarua chenyewe aliniombea yeye. Hadi leo, Sabato nikitoka kanisani nakula kwake. Meza yake iko pembeni kabisa, chini ya bati lile kali kuliko yote, na amevaa sweta yake ya zambarau, vifungo vyote mpaka shingoni. Anaamini hewa ikipita kifuani ni nimonia. Miaka ishirini na kitu ya Kericho imemfundisha hivyo na huwezi kumbadilisha.

Aliniita kando ya tangi la maji akaniambia ana presha. Daktari amemwonya asikae kwenye joto kali, maana dawa anazomeza zinamkausha maji mwilini, na akisikia kizunguzungu akae chini mara moja. Hajamwambia mtu yeyote kazini. Atastaafu Agosti, na anaogopa Madam akijua atamrudisha nyumbani mapema. Kisha akasema, kwa kuwa sasa mwanawe ndiye mlinzi wa joto, je, anaweza kuacha kuogopa?

Nikamwambia, mama, acha kuogopa.

Akaacha, nikaanza mimi. Hakuna mwingine anayejua. Akianguka ni mimi. Si habari ya mkataba peke yake. Nitatazamana na nani kanisani? Nani mwingine ananiita mwanangu katika mji huu?

Jambo rahisi lingekuwa kumpeleka stooni kwa Kiplangat. Nilienda mpaka mlangoni, kweli nilienda. Kiplangat alikuwa ndani anapiga mluzi, amevaa koti. Koti, Februari hii! Nikarudi zangu.

Badala yake nikafanya mpango wa pili. Wiki hii wamepogoa michai upande wa bondeni na matawi yamelala bure. Nikawaomba vibarua wayatandaze juu ya bati. Kivuli cha kijani, safi. Bati likanyamaza. Kwa muda nilikuwa mtu mkubwa, hata Janefer aliniita bwana afisa. Kumbe matawi yalikuja na siafu. Na siafu nao wakasikia joto, wakatafuta penye kivuli, yaani chini, kupitia matundu ya misumari. Wa kwanza aliingia kwenye kola ya Madam.

Yaliyofuata siyaandiki. Kiplangat aliwakaribisha watu wote stooni mpaka siafu waondolewe, wakarudi wakisema lo, kule pazuri, kule mtu anapumua. Mimi nilibaki nje nikijikuna.

Alhamisi, 12 Februari

Nimepata! Nimepata kitu ambacho mgeni wa Nairobi hajawahi kukiona kokote.

Nikifa na hofu hii na mtu wa mbali akasoma maandishi yangu, na ajue hivi. Ofisi yetu inapakana ukuta na chumba cha kunyausha. Majani mabichi yakitoka shambani humwagwa humo kwenye vitanda virefu vya wavu. Kichwani mwa kila kitanda kuna feni kubwa, mtu mzima anaweza kusimama ndani yake, inapuliza hewa chini ya majani mpaka yalegee. Hewa kutwa kucha, tena baridi. Na inapuliziwa majani. Majani, ambayo hayana presha wala mkataba! Na sisi upande huu wa ukuta tunakauka.

Nikamwendea Chepyegon, msimamizi wa kunyausha. Akakataa. Nikamwambia ni agizo la Nairobi, na ukiitazama barua ile kwa pembeni ni kweli. Akaniruhusu feni moja. Tukatoboa ukuta nyuma ya kabati. Nikashona magunia ya nailoni ya kubebea majani yakawa bomba refu. Mdomo mmoja nikaufunga kwenye feni, mdomo wa pili nikauelekeza kwenye meza ya Mama Yunia. Yeye wa kwanza, kabla hata ya Madam. Halafu nikaziba nyufa za mlango kwa matambara ili hewa yangu isipotee bure.

Bomba lilipojaa liliinuka likaanza kutikisika kama nyoka aliyemeza mbuzi. Janefer akapanda juu ya kiti. Kisha hewa ikatoka. Karatasi zikaruka, vikombe vikaanguka, sweta ya zambarau ikajaa upepo, na Mama Yunia akafumba macho akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu jua hili lianze. Karibu nilie mbele za watu.

Kiplangat aliingia akalitazama bomba toka mwanzo mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu. Siku ya majani yaliyolowa itakuwaje?

Najua anachosema. Kila mtu wa chai anajua. Majani yakija yamelowa mvua, kule kunyausha hufungulia mvuke wa boila ili hewa ipite moto na kuyakausha upesi. Nikamwuliza kama ameona wingu lolote tangu Krismasi. Akasema hajaona. Nikamwambia basi. Mtu hawezi kuogopa kila kitu, na mimi orodha yangu imeshajaa.

Jumamosi, 14 Februari

Sabato. Kanisani watu wanajipepea na vitabu vya nyimbo. Wanasema huko Chepseon visima vimekauka, na chai inabadilika rangi mashambani. Mzee wa kanisa akauliza ni nani atatuongoza katika ombi la mvua. Mkono wangu ukainuka. Sijui mkono huu una shida gani.

Niliomba kweli. Nilimtajia Mungu kila mahali, Londiani, Kericho, Litein, mpaka Bomet, ili asije akasahau pembe yoyote. Nilimwambia wazi kwamba naogopa jua hili. Mama Yunia aliitikia amina kuliko watu wote.

Baadaye nyumbani kwake tulikula ugali na mboga ya chinsaga. Miguu yake imevimba. Alisema tangu bomba lije anasikia nafuu, hata chupa yake ya maji haibebi tena, maana maji humkimbiza chooni. Nilifurahi kusikia hivyo. Kisha akasema Jumanne angependa kuomba ruhusa, ana siku ya kliniki.

Moyo wangu ukaruka. Jumanne! Mdomo wa bomba uko kwenye meza yake. Mgeni akija akute kiti kitupu, hewa itampulizia nani? Na kile kicheko chake je? Kile kicheko ndicho mkataba wangu. Nikamsihi aende kliniki Jumatano. Akanitazama, akaniongezea mboga, akasema kwa ajili yangu atakuja.

Jumatatu, 16 Februari

Mvua!

Ilikuja jioni kutoka upande wa Londiani, nzito, na mawe madogo madogo ya barafu. Watu walitoka nje ya ofisi wakanyoosha mikono. Janefer alicheza. Watu wa kanisani kwetu walinipungia kutoka barabarani, na mmoja akaniita nabii. Nilianza kuogopa uwezo wangu mwenyewe.

Halafu nikakumbuka majani.

Yatakayochumwa kesho asubuhi yatakuwa yamelowa. Nikakimbia mpaka kwa Chepyegon nikiwa nimelowa mimi mwenyewe. Nikamwuliza kama kesho anaweza kuacha kufungulia mvuke, kwa heshima tu, mpaka mgeni aondoke. Akasema majani ya wakulima hayana heshima, yakilala yamelowa yanaoza, atafungulia yakifika. Nikamwuliza kama atafungulia kidogo. Akasema nitoke mlangoni, nazuia mwanga.

Sasa nifanye nini? Nikilitoa bomba, mgeni atakuta tundu ukutani, gunia sakafuni, na mimi katikati. Nikimweleza Madam, kesho sina kazi. Nikimwendea Kiplangat... hapana. Nimewaza hivi: mvua imenyesha, kwa hivyo kesho kutakuwa na ubaridi, kwa hivyo hata hewa ikija vuguvugu haitadhuru. Tena majani hayafiki mapema, na mgeni ni wa saa nne. Bomba libaki.

Jumanne, 17 Februari

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati. Mama Yunia yuko ndani. Mlango umefungwa.

Jua lilirudi asubuhi na hasira, na ardhi iliyolowa ikawa inatoa mvuke. Mgeni alichelewa. Alipofika ilikuwa karibu adhuhuri, mama mmoja mfupi mwenye miwani na kipima joto mkononi. Nilikuwa nimeufunga mdomo wa bomba kwa kamba ili nimfungulie mbele ya macho yake. Matambara mlangoni, nyufa zote zimezibwa. Kila mtu mezani kwake. Mama Yunia chini ya mdomo wa bomba, amefunga vifungo vyote, ananitabasamia. Nikatoa hotuba. Nikafungua kamba.

Ilitoka moto. Moto wenye maji, unanuka majani yaliyochemshwa. Miwani ya mgeni ikawa nyeupe. Janefer akasema anaungua. Mimi nikasema inaanza hivyo halafu inapoa. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nilijaribu kuifunga kamba tena, bomba likanipiga usoni, likanipiga mara ya pili.

Na Mama Yunia hakuondoka. Hilo ndilo linaloniua. Watu wengine walikuwa wanasukumana mlangoni, mlango umekwama kwa matambara yangu, na yeye amekaa pale pale usoni mwa ile hewa, ananitazama, anangoja ipoe. Kwa sababu nilimwambia aache kuogopa. Akaacha. Kisha kichwa kikashuka polepole mpaka kwenye meza.

Kiplangat, ambaye sijawahi kumwona akifanya kitu haraka, alivunja mlango kwa bega kutoka nje. Akambeba mpaka stooni, akamlaza kwenye sakafu ya mawe, akafungua vifungo vya sweta, akalowesha leso maji akamwekea shingoni na kwapani. Akaniambia nimpepee. Nilimpepea na faili huku nalia. Halafu nikasema kwa sauti, mbele ya Madam, mbele ya mgeni, kwamba ana presha, anameza dawa, leo ilikuwa siku yake ya kliniki, na mimi ndiye niliyemzuia asiende. Madam alikimbia kuita gari, viatu mkononi.

Sasa nangoja. Mungu, ule mkataba chukua. Chukua na huu mkono unaoinuka ovyo. Sitakuomba mvua wala jua tena. Niachie mama huyu peke yake.

Muuguzi ametoka. Anasema amefungua macho, anaongea. Anauliza sweta yake iko wapi.

Nimelia mpaka muuguzi akaniambia nikalie nje.

Jumatano, 18 Februari

Misumari ya madirisha imeng'olewa. Kila meza ina chupa ya maji. Meza zimehamishwa stooni kwa Kiplangat, na chini ya bati hakai mtu kutoka saa sita mpaka jua lipoe. Tai zimevuliwa. Madam amesema mwenye ugonjwa wowote amwone faraghani na hatafukuzwa mtu kwa sababu ya maradhi. Mama Yunia atakaa na kazi yake mpaka Agosti. Yote yamefanyika kabla ya chai ya saa nne, na hakuna hata bomba moja. Mgeni amesifu sana. Kiplangat ndiye afisa wa joto sasa. Aliinua mkono polepole na hakuna aliyemshindania.

Mimi nimepewa kazi ya kuziba tundu la ukuta. Nilipokuwa napaka simiti Madam akaniita. Nilifunga shati vizuri nikijua ni barua ya kufukuzwa. Kumbe Mama Yunia alimpigia simu akiwa kitandani. Alimwambia alificha ugonjwa mwenyewe, aliacha maji mwenyewe, na kijana alikuwa anajaribu kumkinga tu. Alimwomba asinifukuze. Madam akasema ananiongezea muda mpaka mwisho wa Juni, si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya yule mama, na akiona gunia lolote limeshonwa nitaondoka siku hiyo hiyo.

Nimeapa. Sitabuni kitu tena. Nimeapa mbele ya simiti mbichi.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua za masika zimeingia. Ukungu umefunika chai yote mpaka barabara ya Bomet haionekani, na stoo ya Kiplangat ambayo watu waliisifu sana imekuwa jokofu. Nani anacheka sasa? Watu wanaandika na glovu. Mama Yunia amerudi kazini wiki iliyopita. Amepungua. Leo nilimwona akipuliza vidole vyake kabla ya kugusa kompyuta, midomo imekauka, anakohoa. Kikohozi kile kimenishika hapa kifuani. Tulimtoa kwenye joto, sasa tutampoteza kwa baridi? Naogopa.

Kiplangat, polepole kama kawaida, anasema watu warudi ofisini kwao kuanzia keshokutwa, baada ya madirisha kutengenezwa. Keshokutwa! Na kesho je?

Nimeongea na watu wa jikoni. Wana majiko mawili makubwa ya makaa hayana kazi. Na ukitazama vizuri, stoo ile ni kama iliumbwa kwa jambo hili. Ukuta wa mawe, haupitishi hewa. Mlango mmoja. Kidirisha kimoja tu, kidogo, kule juu, na matambara yangu bado ninayo. Nitafika kabla ya watu wote, niwashe, nizibe vizuri, wakija wakute joto la kutosha. Hakuna gunia. Sijashona chochote. Kiapo changu kiko pale pale.

Kiplangat aliniona nabeba makaa akaanza kunisimulia habari za familia moja ya Londiani iliyolala na jiko la makaa, mlango umefungwa. Sikungoja mwisho. Watu wa Londiani wana hadithi nyingi.

Meza ya Mama Yunia nimeisogeza karibu kabisa na jiko, mbali na mlango, mahali ambapo hewa ya nje haitamfikia hata kidogo. Nilimweleza jioni tulipokuwa tunafunga ofisi. Alivuta sweta yake mpaka shingoni, akaniuliza kama safari hii nina hakika.

Nikamwambia, mama, acha kuogopa.